Seti zangu zinanunuliwa, lakini mfuko mtupu

Yaya,

Nakusalimu sana, mkubwa wangu. Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi. Kazi inayotulisha ni kutengeneza vyombo vilivyoharibika: redio, amplifaya, shaja, inverta. Inverta ya mtu ikinichukua saa 5, anaondoka ameniachia dola 10. Lakini kitu ninachokipenda kwa moyo wote ni seti za kujiundia. Nakusanya vipuri vya sakiti moja, natengeneza ubao wake wa kulehemea, naandika maelezo kwa Kiswahili na kuchora michoro, naweka vyote katika mfuko mmoja. Mnunuzi analehemu mwenyewe kwake. Nilianza kwa kujifurahisha, nikiwapa marafiki, kisha watu wakaanza kuagiza.

Nina seti mbili. Ndogo ni taa ya kumetameta inayotumia IC ya 555, chipu ndogo ya kuhesabu muda, kwa wanafunzi na wanaoanza. Kubwa ni kinga ya betri: inapima betri ya sola ya volti 12, na volti zikishuka hadi 11.5 inakata taa na televisheni ili betri isife. Ndogo nauza dola 4, kubwa dola 7. Vipuri vya ile kubwa vinanigharimu dola 4 na senti 60, kwa hiyo nimekuwa nikijua kwamba napata dola 2 na senti 40 kwa kila seti. Lakini kila nikitaka kuagiza vipuri vingine makuta niliyo nayo mfukoni hayatoshi, nachukua ya matengenezo naongezea. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, ameniuliza, "Hii kazi inatulisha, au sisi ndio tunailisha?" Nilinyamaza.

Nikisema nipandishe bei, marafiki wanasema huu ni mchezo wako, unaupenda mwenyewe, utawatozaje watu? Wengine wananionyesha kwenye simu kinga ya betri ya China iliyokwisha kuundwa, bei yake chini ya yangu. Mjomba anataka bei ya ndugu. Mwenye duka mmoja wa mjini yuko tayari kuziweka kwenye kabati lake, ila anataka abaki na asilimia 30 ya bei. Na mwalimu mmoja ameomba seti ndogo 30 za wanafunzi wake kwa dola 3 kila moja. Natamani sana watoto wale wajifunze, lakini naogopa.

Nimefikiria kununua relei, zile swichi za umeme zinazokata taa na televisheni, za bei ya chini zaidi ili gharama ipungue. Tena kuna watu wanne waliokwisha kunilipa dola 7 kwa simu, wanangoja mzigo. Yaya, nifanye nini?

Fundi wa Katuba

*

Mdogo wangu Fundi,

Bibi yako ameuliza vizuri, na jibu ni kwamba ninyi ndio mnaoilisha. Tuone kwa namba, maana hapa maneno matupu hayatakusaidia.

Hizo dola 4 na senti 60 ni bei ya vipuri vikiwa bado kwa muuzaji. Havijafika Katuba. Wakala anayesafirisha mizigo kutoka Guangzhou, China, anakutoza kwa kilo. Mzigo ukipita Dar es Salaam na Zambia unalipiwa njia nzima hadi mpakani Kasumbalesa, kisha forodha, kisha gari la kuuleta mjini. Gawanya gharama hiyo kwa seti zote za mzigo mmoja. Mimi nimekisia senti 90 kwa seti. Wewe utaweka namba yako halisi. Halafu kuna vipuri vinavyokufa: rezista zilizopungua kwenye pakiti, transista bandia, ubao ulioharibika kwenye dawa ya kula shaba, kile kipande cha kutobolea cha milimita 1 kinachovunjika ukikikandamiza kidogo. Weka sehemu ya kumi ya jumla hadi hapo, yaani senti 55. Mfuko, karatasi za maelezo na fotokopi, senti 45. Makato ya pesa za simu na nauli ya kupeleka mzigo, senti 30. Jumla tayari ni dola 6 na senti 80. Unauza 7. Ile faida ya dola 2 na senti 40 uliyokuwa ukiihesabu ni senti 20.

Na hapo sijagusa saa zako. Umesema unatengeneza ubao mwenyewe. Basi unachapa mchoro, unaubandika kwa pasi kwenye shaba, unautia kwenye dawa, unautoboa tundu moja moja, na umeme wa SNEL ukikatika katikati unangoja urudi. Hata ukitengeneza mbao nyingi kwa pamoja, sidhani kama mmoja unachukua chini ya dakika 20. Kuhesabu vipuri na kufunga mfuko, dakika 15. Kumjibu mnunuzi usiku kwenye WhatsApp anapouliza diodi inaelekea wapi, dakika 10 ukigawanya kwa wote. Hizo ni dakika 45. Kwenye inverta saa yako inalipwa dola 2, hivyo dakika 45 ni dola 1 na nusu. Seti moja ya kinga ya betri, kabla hujapata faida yoyote, inakugharimu dola 8 na senti 30. Kila anayeondoka nayo kwa dola 7 anaondoka na dola 1 na senti 30 ya nyumba yako.

Marafiki wanasema unaipenda, kwa hiyo usitoze. Hapo siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Anayelima kwa sababu anaipenda ardhi bado anauza mahindi kwa bei ya soko, na hakuna anayemwambia ayagawe. Mapenzi yako kwa kazi hii yanamfaa mnunuzi: ndiyo yanayokufanya uchore mchoro ukaeleweka na upokee simu saa 3 usiku. Saa unazokaa na seti ni saa usizokaa na inverta ya mtu, wala na wanao. Na ukichoka ukaacha, yule mtoto wa Katuba aliyekuwa anakuja kununua seti yake ya kwanza mwakani hataikuta.

Sasa ile kinga ya China. Usishindane nayo kwa bei, kwa sababu huwezi kushinda, na wala hutakiwi kushinda. Marekani kulikuwa na kampuni iliyoitwa Heathkit. Mwaka 1947 ilianza kuuza seti ya kujiundia ya osiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ikitumia vipuri vilivyobaki vya vita. Wakati ule seti ilikuwa njia ya kupata chombo kwa bei nafuu, kwa kuwa mnunuzi alilehemu mwenyewe na kiwanda hakikumlipa fundi. Baadaye mashine na viwanda vya mbali vikafanya uundaji uwe rahisi mno, chombo kilichokamilika kikashuka bei hata chini ya seti, na mwaka 1992 Heathkit ikaacha kuuza seti. Lakini waliowahi kuzinunua wanazikumbuka zaidi kwa vitabu vyake vya maelezo, hatua kwa hatua, hata asiyejua kitu aliweza kufuata. Tangu chombo kilichokamilika kiwe rahisi, seti inanunuliwa na mtu anayetaka kujua. Kijana wa Polytechnique ya UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, anayechukua seti yako anataka aone kwa macho yake relei ikikata, na ajue kwa nini imekata. Yule anayetaka kinga tu, mwambie bila kinyongo anunue ya China.

Basi nguvu yako iweke pale anapolipia. Maelezo yako kwa Kiswahili ndiyo bidhaa. Vipuri ni vya kila mtu. Ndani yake andika jinsi ya kusoma rangi za rezista. Andika jinsi ya kuweka kikomo cha volti 11.5 kwa multimeta, kile chombo cha kupimia volti, na kwa nini usiiache betri ya risasi na asidi imekaa tupu: salfeti inaganda kwenye sahani zake na nguvu hairudi tena. Andika hata udhaifu wa sakiti yako. Relei ya kawaida ya volti 12 yenye koili ya omu 400 inakula miliampea 30 muda wote inapokuwa imeshika, karibu ampea-saa 0.7 kwa siku nzima. Kwenye betri ya ampea-saa 100 ni kitu kidogo, kwenye betri ndogo ya pikipiki si kidogo. Mnunuzi akisoma hilo kutoka kwako mwenyewe atakuamini katika mengine yote.

Kwa sababu hiyo hiyo, relei za bei ya chini zaidi ziache kabisa. Relei mbaya inapokata mkondo mkubwa cheche zinayeyusha ncha zake, nazo zinagandana. Siku hiyo volti zinashuka hadi 11.5, taa ya alama inawaka kama kawaida, lakini televisheni inaendelea kula mpaka betri imekauka. Mtu alinunua kinga yako ili alinde betri ya zaidi ya dola 100. Utaokoa senti 30, na mtaa mzima utajua jina lako kwa betri iliyokufa. Ukitaka kupunguza gharama, ipunguze kwenye ubao. Acha kutengeneza mbao hizo nyumbani, agiza kiwandani. Ukiagiza 5 usafiri unakumeza, ukiagiza 50 au 100 zinakuja pamoja na vipuri vingine katika mzigo ule ule, zimetobolewa tayari na majina ya vipuri yamechapwa juu yake. Zile dakika 20 zinatoweka. Maswali ya usiku nayo yatapungua, kwa kuwa mnunuzi anaona kwenye ubao wenyewe mahali pa kila kitu.

Bei. Huko ng'ambo watengenezaji wadogo wengi huanza na gharama ya vitu, bila saa zao, wakiizidisha mara mbili na robo hivi. Sababu ni rahisi: nusu ya gharama juu yake ni yako, na nusu ya jumla hiyo juu yake ni ya muuzaji. 6.80 mara 2.25 ni 15.30. Mimi nakuambia uza kinga ya betri kwa dola 15.

Najua umeshtuka. Tuipitishe kwa mwenye duka. Akibaki na asilimia 30, anachukua dola 4 na nusu, wewe unabaki na 10 na nusu. Toa 8.30, umepata dola 2 na senti 20, na hukukaa pale mchana kutwa kumngoja mnunuzi. Ungeweka dola 12, ungebaki na 8.40 mkononi, yaani senti 10 za faida. Kwa dola 7 ungebaki na 4.90, nayo haifikii hata gharama ya vitu. Asilimia 30 si wizi. Analipa kodi ya nyumba, anaweka mtu wa kuuza, kabati lake liko mahali watu wanapita. Ila asikuombe umwachie mzigo bila karatasi. Anza na seti 5, muandikiane, mhesabu kila mwisho wa mwezi. Na usiuze nyumbani kwa bei ya chini kuliko ya dukani kwake. Mteja akigundua kwamba Katuba ni rahisi kuliko mjini, hatanunua tena mjini, na mwenye duka atakurudishia mzigo wako, naye atakuwa na haki.

Dola 15 ina faida nyingine ambayo waandishi wa ng'ambo hawaijui. Hapa kwetu noti ya dola 1 watu wengi wanaikataa, na yenye mchaniko kidogo kwenye pembe haipokelewi. Bei ya dola 13 itakuletea mabishano ya chenji kila siku. 15 ni noti ya 10 na noti ya 5, imekwisha. Anayelipa kwa falanga alipe kwa kiwango cha siku hiyo, na falanga hizo usizilaze muda mrefu, kwa sababu vipuri vyako unavinunua kwa dola. Na zile dola 6 na senti 80 za kila seti, mdogo wangu, zitoe siku ile ile uweke mbali, kwenye simu nyingine au kwa bibi yako. Hizo si zako, ni za mzigo ujao. Mzigo huo usiungoje hadi pakiti ya mwisho. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mipaka yake nasi kwa muda, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, aliyekuwa na akiba dukani aliendelea kuuza. Kama utauza dukani kila mwezi, ulizia pia patente, kile kibali cha biashara ndogo, uigawe kwenye gharama kama vitu vingine.

Sasa mwalimu. Hili ndilo agizo ninalolipenda kuliko yote uliyoniandikia, na nataka ulichukue. Lakini si kwa dola 3. Seti ndogo, kwa makadirio yangu, inakula dola 2 na senti 60 za vitu vikiwa vimefika, na dakika 20 za kazi, ambazo ni kama senti 65. Umefika 3.25. Kwa dola 3 utakuwa unamlipa mwalimu achukue. Usipunguze bei kwanza, punguza kazi. Wanafunzi 30 wa darasa moja hawahitaji mifuko 30. Weka rezista zote katika mfuko mmoja, kapasita mfuko mwingine, IC za 555 mfuko mwingine, wanafunzi wahesabu wenyewe. Kuhesabu na kutambua vipuri ni somo la kwanza la elektroniki. Karatasi ya maelezo moja kwa wanafunzi wawili. Nenda umfundishe mwalimu mara moja kuiunda, ili maswali yaishie kwake. Hapo kazi yako inashuka hadi dakika 5 kwa seti, karatasi inashuka senti 15, na gharama inakuwa dola 2 na senti 62 hivi. Muuzie dola 4. Unabaki na dola 1 na senti 38 kwa kila moja, dola 41 kwa darasa zima, na saa unayokwenda kumfundisha itakuwa imelipwa humo. Mtu mmoja mmoja auziwe dola 5, kwako tu. Hiyo ndogo usiipeleke dukani, faida yake haitoshi kugawana.

Akisema shule haina dola 4, usishushe. Mwambie wanafunzi wawili wawili waunde seti moja, seti 15 zinatosha, dola 60 badala ya 90 alizokuwa tayari kutoa. Mmoja ashike chuma cha kulehemu, mwingine asome mchoro, kisha wabadilishane. Na akupe nusu kabla hujaagiza.

Mjomba ni ndugu, si mteja, na bei ya ndugu ndiyo inayochanganya mambo hayo mawili. Ukimuuzia kwa dola 5, atamwambia jirani kwamba kinga ya betri ni dola 5. Katika kila seti 20 toa 2 ziwe za zawadi, ziandike kwenye daftari kama gharama. Mpelekee mjomba moja, na umlehemee mwenyewe mbele yake. Zawadi inatoka mkononi mwako ikiwa nzima, na hakuna atakayeitaja kama bei. Zikiisha 2 za mzigo huu, ndugu mwingine atangoja mzigo ujao, na utamwambia hivyo kwa heshima.

Kuhusu marafiki wa zamani waliozoea 7: wengine utawapoteza. Ukiuza seti 10 kwa dola 15 unabaki na dola 67 baada ya gharama na saa zako zote. Kwa dola 7 hata ungeuza 100, ungekuwa umepoteza dola 130. Usiogope mwezi wa kwanza ukiwa kimya.

Wale wanne waliokwisha kulipa wape mzigo wao kwa dola 7, bila kuwaongezea hata senti, kwa sababu mlikwisha patana. Waambie tu kwamba ni za mwisho kwa bei hiyo. Kisha Jumatatu weka bei mpya kwenye WhatsApp yako, 15 na 5, pamoja na picha ya ukurasa mmoja wa maelezo yako. Usiandike sababu ndefu wala kuomba radhi. Atakayeuliza, mwonyeshe daftari.

Yaya